Gobore la Kwanza la Kuwindia Kulungu Marekani: Mwongozo Kamili wa Kulichagua Kabla Hujatoa Pesa

Kila Januari inapoingia napokea ujumbe uleule kutoka kwa Waswahili wenzangu wa Pennsylvania, Ohio na kwingineko huku Marekani. Mtu amenunua gobore zuri, amelipia leseni, amejihimu alfajiri kwenye baridi kali. Kisha moja kati ya mawili limemkuta: ama afisa wa wanyamapori amemwambia bunduki ile hairuhusiwi msimu huu, ama kulungu amesimama hatua arobaini mbele yake, kifyatulio kimevutwa, na kilichosikika ni "tik" tupu.

Matatizo haya mawili yana mzizi mmoja. Mtu ameanza dukani, akachagua bunduki kwa sura yake au kwa punguzo la bei, halafu ndipo akatafuta msimu wa kuitumia. Njia ya salama ni kinyume chake. Msimu ndio unaochagua bunduki, bunduki inachagua risasi na baruti, na wewe unafuata. Mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu huo, kwa hiyo usiruke hatua.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Gobore ni bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, vilevile kama magobore ya wazee wetu vijijini. Kulungu ninayemzungumzia ni yule wa Amerika Kaskazini ambaye akikimbia huinua mkia mweupe kama kitambaa, si kulungu wa misitu ya kwetu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kijitabu cha kanuni za uwindaji cha jimbo lako, toleo la mwaka huu. Kipo bure kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori.
- Cheti cha mafunzo ya uwindaji. Majimbo mengi hayakupi leseni ya kwanza bila hicho.
- Kalamu ya wino usiofutika, tochi ndogo inayoingia mdomoni mwa mtutu, na vitambaa vichache vya pamba vya kusafishia.
- Miwani ya kukinga macho na vizuia sauti vya masikioni.
- Bajeti iliyogawanywa sehemu mbili: ya bunduki na ya vifaa. Usiitumie yote kwenye bunduki. Tenga dola 100 hadi 150 kwa vifaa, maana gobore bila vifaa halifyatuki.
- Mahali halali pa kulengea shabaha, uwanja wa klabu au ardhi ya mtu aliyekupa ruhusa.

Hatua ya 1: Soma kanuni za msimu wako, si za nchi nzima

Marekani haina kanuni moja ya gobore. Kila jimbo lina yake, na tofauti zake ni kubwa kuliko mgeni anavyodhani.

Chukua Pennsylvania. Mwezi Oktoba kuna msimu mfupi wa gobore kwa kulungu wasio na pembe, na hapo unaweza kutumia gobore la kisasa lenye darubini. Baada ya Krismasi hufunguliwa msimu mwingine unaoendelea hadi Januari. Huo, tangu ulipoanzishwa mwaka 1974, ni wa bunduki za gumegume peke yake, yaani zile zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe. Darubini hairuhusiwi. Na misimu yote miwili inadai kibali cha ziada cha gobore juu ya leseni ya kawaida. Mtu akinunua gobore la kisasa mwezi Desemba kwa ajili ya likizo ya Krismasi, amenunua bunduki ya kukaa kabatini hadi Oktoba ijayo.

Ohio ni kinyume kabisa. Msimu wa gobore wa Januari unaruhusu la kisasa na darubini yake. Colorado, ambako msimu ni Septemba, la kisasa linakubalika lakini darubini hapana, vidonge vya baruti hapana, wala risasi iliyovalishwa kikombe cha plastiki. Idaho wamekaza zaidi: kwenye misimu ya gobore pekee, mfumo wa kuwasha moto uwe wazi kwa hewa, na praima za kisasa, yaani vile vidude vidogo vinavyopigwa vikalipuka na kuwasha baruti, haziruhusiwi.

Sasa chukua kalamu, fungua kijitabu, uandike majibu ya maswali haya sita:

1. Msimu ninaotaka unaanza na kuisha lini?
2. Mifumo gani ya kuwasha moto inaruhusiwa?
3. Kaliba ndogo kabisa (upana wa ndani wa mtutu) inayokubalika ni ipi?
4. Darubini inaruhusiwa?
5. Baruti iwe ya unga tu, au na vidonge pia?
6. Risasi ya aina gani, na kikombe cha plastiki kinakubalika?

*Tahadhari kwa wahamiaji.* Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, magobore mengi ya kuwindia hayahesabiwi kuwa silaha ya moto, ndiyo maana duka linaweza kukuuzia bila ukaguzi wa rekodi. Wengi wetu tumesikia hayo tukadhani yameisha. Hayajaisha. Jimbo linaweza kuwa na sheria yake kali zaidi, kama New Jersey. Halafu kuna bunduki kama Thompson/Center Encore, ambayo mwili wake hubadilishwa mitutu, leo wa gobore, kesho wa risasi za kawaida. Mwili huo unahesabiwa kuwa silaha kamili. Kama una kesi ya ukimbizi, viza ya muda, au kosa lolote mahakamani huko nyuma, muulize wakili wako wa uhamiaji kabla hujashika bunduki ya aina yoyote. Kulungu mmoja hastahili kuhatarisha makaratasi yako na ya wanao.

*Utajua umefaulu* ukiwa na karatasi yenye majibu sita, kila jibu na namba ya ukurasa ulikolitoa. Karatasi hiyo ndiyo utakayoingia nayo dukani.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kuwasha moto

Hapa kuna njia tatu.

*Gumegume.* Nyundo imeshika jiwe. Jiwe linakwangua bamba la chuma, cheche zinaangukia kisahani chenye baruti laini, moto unapita kwenye tundu dogo ubavuni mwa mtutu na kuwasha baruti ya ndani. Ni mfumo mgumu kuliko yote mitatu na nauheshimu kuliko yote. Unyevu unaushinda, upepo unausumbua, na kati ya kuvuta kifyatulio na risasi kutoka kuna kitambo kidogo ambacho mkono wa mgeni hutikisika. Nunua kama msimu wako unaudai, au kama uko tayari kufanya mazoezi miezi miwili mitatu kabla ya kuingia porini.

*Fataki.* Nyundo inapiga fataki ndogo ya shaba iliyovalishwa kwenye kifa, yaani kile kichuchu cha chuma nyuma ya mtutu. Huwaka haraka kuliko gumegume na huvumilia manyunyu. Kwa majimbo yanayodai mfumo wa wazi, huu ndio chaguo la katikati.

*Inlaini.* Hivi ndivyo utakavyosikia wakiliita dukani gobore la kisasa. Praima, kwa kawaida namba 209 ileile ya risasi za shotigani, inakaa moja kwa moja nyuma ya baruti, ndani ya kizibo kinachofunguka kwa mkono au spana. Moto hauna kona ya kupinda. Linawaka kwa uhakika hata siku ya mvua, linakubali darubini, na jambo ambalo wanunuzi hawalifikirii, linamwagwa kwa urahisi. Jioni ukirudi mikono mitupu unafungua kizibo, unasukuma baruti na risasi nje, basi. La gumegume na la fataki kwa kawaida hayana kizibo cha kufungua. Yatakulazimu ufyatue kwenye udongo laini mahali panaporuhusiwa, au uwe na kifaa cha gesi cha kusukuma risasi itoke.

Rai yangu: kama karatasi yako inaruhusu inlaini, bunduki yako ya kwanza iwe inlaini. Haikufanyi kuwa mwindaji duni. Kulungu anastahili risasi iliyotoka kwa wakati na kwenda ilikoelekezwa, na mwanafunzi anapata hilo mapema zaidi kwa mfumo huu. Lakini kama umekaa Lancaster au Erie, kule Pennsylvania, na likizo yako pekee ni baada ya Krismasi, usipoteze pesa kwenye inlaini. Nenda moja kwa moja kwenye gumegume, ukajifunze.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nanunua mfumo huu, kwa msimu huu, kwa sababu kanuni hii."

Hatua ya 3: Kaliba na msokoto, kwa pamoja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kaliba kwanza, maana ni rahisi. Chukua .50, ambayo ni karibu milimita 12.7. Inatosha kabisa kwa kulungu, majimbo mengi yanaikubali, na ndiyo ambayo duka lolote lina risasi zake. Ukinunua .54 kwa sababu ni kubwa, utakuja kuzunguka maduka matatu ukitafuta risasi Ijumaa jioni kabla ya ufunguzi. Kaliba ya .45 ni nzuri mikononi mwa mzoefu, ila soma kijitabu chako kwanza.

Sasa msokoto. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojipinda ili kuizungusha risasi. Msokoto wa 1:28 maana yake ni risasi kujizungusha mara moja katika kila inchi 28 za mtutu. Msokoto wa 1:66 ni wa polepole zaidi. Tofauti hiyo huioni ukiitazama bunduki kwa nje, lakini ndiyo inayoamua ulishe nini.

- Msokoto wa haraka, kama 1:28, unataka risasi ndefu: za kikombe cha plastiki au nzito zilizochongoka.
- Msokoto wa polepole, kama 1:66, unataka gololi ya madini ya risasi iliyofungwa kitambaa. Kwa kaliba .50 gololi hiyo huwa na kipenyo cha inchi .490 na uzito wa karibu greni 177 (greni ni kipimo kidogo sana cha uzito).
- Msokoto wa 1:48 upo katikati. Unakubali vyote viwili kwa wastani, ndiyo maana unaukuta kwenye magobore mengi ya wanaoanza.

Ndugu mmoja alinipigia akiwa na hasira na bunduki yake mpya. Gololi zake kwa yadi 50 zilikuwa zinatawanyika kwenye karatasi kama mbegu za mtama zilizotupwa. Nikamwomba anisomee maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Ilikuwa 1:28. Bunduki haikuwa na kosa. Alipobadili akaweka risasi ya greni 250 yenye kikombe, matundu matatu yalikaa ndani ya kiganja.

Kwa hiyo rudi kwenye karatasi yako, jibu la sita. Kama jimbo linakataza kikombe cha plastiki, inlaini ya 1:28 utailisha risasi nzito ya kukaa kwenye mtutu wenyewe. Kama unachukua gumegume na unataka gololi, tafuta 1:48 au 1:66. Muuzaji asipojua msokoto wa bunduki anayokuuzia, soma kwenye mtutu au kwenye kitabu chake. Usikubali jibu la "zote ni sawa."

Hatua ya 4: Amua utachoma baruti gani

*Baruti nyeusi ya asili* hupimwa ulaini kwa herufi F. F zikiwa nyingi, chembe ni ndogo. Kwa kaliba .50 wengi hutumia FFg ndani ya mtutu, na FFFFg kwenye kisahani cha gumegume. Gumegume inahitaji hii. Baruti mbadala zinataka joto kubwa zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe mara nyingi hazifikii hapo. Ile "tik" niliyoitaja mwanzo, kwa wenye gumegume, mara nyingi ilianzia kwenye kopo la baruti isiyofaa.

*Pyrodex na Triple Seven* ni baruti mbadala, rahisi kupata madukani, nzuri kwa fataki na inlaini. Triple Seven ina nguvu zaidi kwa karibu asilimia 15 ukipima kwa ujazo uleule, kwa hiyo usihamishe kipimo cha baruti nyeusi ukakitumia hivyohivyo. *Blackhorn 209* ni safi sana ndani ya mtutu, lakini bei yake iko juu na imetengenezwa kwa ajili ya inlaini zenye praima ya 209.

Kuna vidonge pia, kimoja kwa kawaida greni 50. Viwili ni greni 100, na kwa kulungu vinatosha. Vitabu vya baadhi ya inlaini vinaruhusu vitatu. Bega lako litaumia, mtutu utachafuka, na kulungu wa yadi 80 hataona tofauti.

Baruti zote hizi hupimwa kwa *ujazo*, kwa kijiko maalumu chenye mistari ya greni, si kwa mizani. Anza na greni 80 hadi 100 kama kitabu cha bunduki kinaruhusu.

*Tahadhari kubwa.* Usitie kamwe baruti isiyo na moshi, ile ya kujazia risasi za kisasa, kwenye gobore la kawaida. Shinikizo lake linapasua mtutu ulio sentimita chache kutoka usoni mwako. Zipo bunduki chache zilizoundwa kwa ajili yake, na yako ya kwanza isiwe mojawapo. Pia usisafiri na baruti, fataki wala praima kwa ndege, hata kwenye mzigo wa chini. Hairuhusiwi. Nunua ukifika.

Hatua ya 5: Ishike, ipime, ikague

Sasa ndiyo unaingia dukani.

Kwa inlaini ya bei nafuu, CVA Wolf na mifano ya chini ya Traditions ni mahali pazuri pa kuanzia. Mara nyingi zinaangukia kati ya dola 250 na 400 kutegemea darubini na rangi. Kwa gumegume na fataki, angalia Lyman na Traditions. Gumegume nafuu mno huja na bamba laini lisilotoa cheche, na hilo huligundui mpaka uwe porini. Heri usubiri miezi miwili ukaongeza pesa.

Iinue begani ukiwa umevaa koti lako zito la baridi, si fulana. Kitako kikigongana na koti, ni kirefu mno kwako. Fumba macho, elekeza ukutani, fumbua: vilengeo vinapaswa kuwa karibu vimejipanga vyenyewe. Ukilazimika kunyoosha shingo kama kuku anayemeza, jaribu nyingine. Angalia pia uzito. Mtutu mrefu hutulia mkononi, lakini utaubeba siku nzima kwenye theluji.

Usifyatue bunduki tupu bila ruhusa. Kwenye fataki unaharibu kifa, na kwenye gumegume unavunja jiwe.

Kama ni ya mtumba, fanya jambo moja kabla ya yote. Chomoa mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia risasi, uteremshe taratibu ndani ya mtutu hadi ukome. Weka kidole pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Utoe, uulaze kwa nje ya mtutu, kidole kikiwa mdomoni. Ncha yake inapaswa kufika karibu na kifa au tundu la moto. Mwaka juzi, kwenye maonyesho ya bunduki kuukuu, nilifanya hivyo kwa gobore la fataki lililokuwa mezani watu wakilipokezana mkono kwa mkono. Mdeki uliishia inchi tatu kabla ya kufika. Lilikuwa limejaa. Mwenyewe alikuwa amelinunua kwenye mnada wa mali ya marehemu, hajawahi kulipima. Tangu siku hiyo sipokei gobore kwa mtu nikaacha kuteremsha mdeki, hata akiwa rafiki yangu.

Likiwa tupu kweli, pitisha kitambaa kikavu kwenye mdeki hadi chini, ukivute. Kikitoka na rangi ya majani ya chai, kuna kutu. Kikinasa mahali fulani na kutoka kimechanika nyuzi, kutu imekula chuma. Liache. Kwa inlaini, omba kizibo cha nyuma kifunguliwe mbele yako, umulike tochi uone mifereji. Kizibo kisipofunguka dukani, nyumbani nako hakitafunguka.

*Utajua umefaulu* ukiondoka na bunduki inayokaa begani bila kulazimishwa, kaliba na msokoto wake ukiusoma kwa macho yako, na kila kitu kikilingana na karatasi.

Hatua ya 6: Vifaa vya siku ileile

Nunua vyote siku hiyohiyo: kipimo cha ujazo, kishindilio kifupi cha kuanzishia risasi mdomoni, skrubu ya kung'olea risasi iliyokwama, fataki au praima za kutosha, mafuta ya kulainisha skrubu za kizibo, vitambaa na brashi ya kaliba yako. Mwenye gumegume aongeze mawe ya akiba na sindano ya kuzibulia tundu la moto. Chukua pia aina mbili tofauti za risasi, maana kila mtutu una ile unayoipenda na huwezi kuijua kwa kusoma pakiti.

Hatua ya 7: Jaza mara ya kwanza na ulenge

Fanya hivi angalau mwezi mmoja kabla ya msimu.

*Weka alama kwenye mdeki.* Bunduki ikiwa tupu, teremsha mdeki hadi chini, chora mstari kwenye mdomo wa mtutu, uandike T, yaani tupu. Ukishajaza kipimo chako, chora mstari wa pili, uandike J, imejaa. Mistari hii miwili inazuia makosa makubwa mawili: kujaza mara mbili, na kuiacha risasi katikati ya njia.

*Choma mafuta kwanza.* Elekeza mdomo wa mtutu penye jani kavu, ufyatue fataki au praima peke yake. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi.

*Pima baruti kwenye kipimo, kisha mimina.* Usimimine kamwe kutoka kwenye kopo au pembe moja kwa moja mtutuni. Cheche iliyobaki ndani itarudi hadi kwenye chombo ulichoshika.

*Shindilia risasi hadi ikae juu ya baruti,* bila nafasi. Uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu, na mdeki ushike karibu karibu ili usivunjike ukakuchoma kiganja. Angalia mstari wa J. Nafasi kati ya baruti na risasi inaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua.

*Fataki, praima au baruti ya kisahani huwekwa mwisho,* bunduki ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha. Isipofyatuka, shikilia hapohapo kwa dakika nzima, kwa sababu moto unaweza kuwa unatambaa ndani. Kisha ndiyo ugundue tatizo.

Anza yadi 25. Ukiipata karatasi vizuri, nenda 50, na mwenye inlaini aende 100. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kila risasi, kisha kikavu. Usipofanya hivyo, ya tatu itagoma kuteremka na shabaha itakuwa imehama.

Mwenye gumegume aanze na baruti ya kisahani tu, mtutu ukiwa mtupu. Vuta, mwali uwake, na wewe uendelee kuangalia kilengeo kana kwamba hakuna kilichotokea. Rudia mara ishirini. Siku jicho lako litakapoacha kufumba, ndiyo ujaze risasi.

*Utajua umefaulu* risasi tatu mfululizo zikikaa ndani ya sahani ya inchi 6. Umbali wa mwisho ulioweza kufanya hivyo ndio mpaka wako porini. Kwa gololi ya gumegume, kwa mwindaji mpya, huwa yadi 50. Nimeona watu wakijiongezea mpaka huo kulungu anapojitokeza, na nimetembea nao hadi usiku wa manane wakitafuta matone ya damu kwenye majani.

Hatua ya 8: Baridi, gari na maji ya moto

Porini moshi utakuziba macho. Chuchumaa mara moja uangalie chini ya moshi kulungu ameelekea wapi.

Kabla hujapanda gari, ondoa fataki, praima au baruti ya kisahani. Majimbo mengi yanaihesabu bunduki hiyo kuwa tupu kwa ajili ya usafiri, ila thibitisha ya kwako. Jioni, kama imejaa na unarudi kesho, usiiingize sebuleni. Chuma baridi kwenye nyumba yenye joto hutoa jasho, na jasho hilo linaingia kwenye baruti. Iache mahali pa baridi penye kufuli, bila fataki, watoto wasipofika. Ukiwa na wasiwasi wowote, imwage ujaze upya asubuhi.

Ukishafyatua hata mara moja, isafishe usiku huohuo. Baruti nyeusi na Pyrodex huacha chumvi inayovuta unyevu, na kutu huanza ndani ya saa chache. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanatosha: vitambaa hadi kimoja kitoke cheupe, kausha, paka mafuta. Blackhorn 209 haitaki maji bali dawa ya kawaida ya kusafishia mitutu. Kwenye inlaini ondoa kizibo kila mara, sugua skrubu zake, paka mafuta kabla ya kurudisha.

Wiki mbili baadaye, hata kama hujaigusa, teremsha kitambaa kimoja kikavu. Kikitoka na weupe wake, ipake mafuta na uirudishe kabatini hadi msimu. Kikitoka na rangi ya kahawia, chemsha maji tena jioni hiyohiyo.